Vukeni Mto: Barua kwa Vijana Mnaoandika Historia ya Pangani

Assalaam alaykum.

Wajukuu zangu, salamu zenu zimenifikia nami naziitikia marahaba. Nimearifiwa kwamba mmeazimia kuandika historia ya Wilaya yetu ya Pangani ili watoto waisome shuleni, na kwamba sura za mwanzo mmekwisha kuzipanga. Nimeifurahia azma hiyo kwa dhati, na nimeona niwaandikie hadharani badala ya kumwita mmoja wenu barazani, kwa kuwa ninayotaka kusema yanawahusu nyote, na wazee wenzangu wakiyasoma watapata nafasi ya kunisahihisha.

Katika mpangilio wa sura mlionionyesha nimekuta Boma, milango ya nakshi, bandari ya zamani na Bushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, kisha hadithi inakwisha. Hayo yote ni ya kweli na yanastahili kuandikwa, lakini ni mambo ya mji mmoja uliokaa ukingoni mwa mto, ilhali wilaya inakwenda kusini hadi Mkwaja, inaingia bara hadi Mkalamo, na wengi wa watu wake hawajapata kulala mjini hata usiku mmoja. Ombi langu kwenu ni kwamba mvuke mto. Nendeni Bweni, Mwera, Ushongo, Kipumbwi, Sakura na Mkwaja, kisha rudini mkapande Madanga na Masaika, ndipo mkae kuandika.

Hata habari za Bushiri hazieleweki vizuri mtu akikaa mjini. Mnajua kwamba mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani ya Mrima, na kwamba mwezi Agosti wa mwaka huo wakala wao hapa Pangani, Emil von Zelewski, aliingia na askari wanamaji, akaishusha hadhi ya bendera ya Sultani na ya liwali wake, na askari wale wakaingia msikitini siku za Idi pamoja na mbwa. Watu wakakasirika, na hasira ile haikuwa ya waungwana wa mjini peke yao. Wazigua na Wabondei walishuka kutoka bara na silaha zao, wakawamo wapagazi na watumwa, kila kundi na sababu yake ya kupinga utawala uliokuja kukamata forodha, ardhi na njia za misafara. Bushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba la miwa huku kwetu, alishika uongozi wa ghadhabu iliyokwisha kuwaka. Kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipokuja na jeshi lake mwaka 1889 aliirejesha miji ya pwani mmoja baada ya mwingine, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Bushiri akanyongwa papa hapa Pangani, wakati Bwana Heri wa Saadani, kiongozi mwingine wa upinzani ule, alikuwa bado anapigana. Mkimwandika Bushiri bila watu wa bara waliomtangulia, mtakuwa mmemwonea yeye na mmewaonea wao.

Nimetaja shamba la miwa, na hapa naomba muwe na uangalifu mkubwa. Bonde la mto huu katika karne ya 19 lilikuwa na mashamba mengi ya miwa, na yalilimwa na watumwa. Wapo waliobaki, wapo waliokimbilia porini wakaitwa watoro na kujijengea vijiji vyao, na wajukuu wa hao wote tunaishi nao, tunaswali nao na tumeoana nao. Jambo hili liandikwe, kwa sababu kulinyamazia ni kuwadhulumu watu hao mara ya pili. Lakini msiandike jina la ukoo wa mtu yeyote bila ridhaa ya wazee wa ukoo huo, hata kama habari mmeipata kwa jirani anayeapa kwamba ni ya hakika. Andikeni kazi ilivyokuwa, jaggeri, yaani sukari guru, ilivyopikwa na kupakiwa majahazini, na watu walivyojikomboa. Nasaba za watu waachieni wenyewe.

Baada ya miwa ikaja mkonge, na kama ningeruhusiwa sura moja tu katika kitabu chenu ningeichagua hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikasafiri kupitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto wetu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ilikuja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa kuzalisha mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Mtoto wa Pangani anayevuka kwenda Mwera akiona mistari ya mkonge lazima ajue kwamba jambo lililobadili uchumi wa nchi nzima lilianzia katika udongo anaoukanyaga.

Na mkonge hukatwa na watu. Wenyeji hawakutosha, na wengi hawakutaka kuacha minazi na mashamba yao kwa ujira ule, kwa hiyo wakaletwa manamba kutoka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi na wengine, kwa mikataba na kwa magari na treni, hadi kwenye kambi za mashamba. Bei ya mkonge ilipoanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakadhoofika baada ya kutaifishwa mwaka 1967, wengi wao hawakurudi kwao. Wamezikwa hapa, na watoto wao hawaijui nchi nyingine. Nasikitika kwamba hadi leo wapo wanaowaita watu wa kuja. Wahojini wazee waliosalia katika kambi hizo mwaka huu, msingoje mwaka ujao, na waulizeni majina ya vijiji walikotoka, kazi ya kukata majani ilivyopimwa, na nyimbo za ngoma za siku ya mshahara. Hakuna ofisi iliyoyahifadhi hayo.

Kuhusu jiografia, anzeni na mto wenyewe, nao hauanzii Pangani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapokea mito ya Pare na Usambara, yanapita Korogwe na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani kabla ya kutufikia. Anayechota maji kule juu anatugusa sisi, kwa sababu mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi ya bahari hupanda bondeni na kuharibu mashamba. Waulizeni pia wavuvi wa Ushongo habari za kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na mivinje na kasa wakitaga mayai, na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Na kule Mkwaja, ranchi kubwa ilifuga ng'ombe kwa miaka mingi katika nchi ya mbung'o, ikafungwa, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Watu wa vijiji vya jirani wana mengi ya kueleza juu ya mipaka hiyo, nanyi muwasikilize pamoja na maofisa.

Utaratibu wa kazi mnaujua kunishinda, lakini nina maagizo machache. Muende wawili wawili, kijana na binti, kwa maana mama zetu hawatamweleza kijana wa kiume habari za unyago wala za uzazi. Mzee akisimulia kwa Kizigua au Kibondei, yaandikeni maneno yake kama alivyoyasema, tafsiri ifuate chini. Pakiwepo simulizi mbili zinazopingana, wekeni zote mbili na mtaje kijiji ilikotoka kila moja.

Rasimu ikikamilika isipelekwe kwa mpiga chapa moja kwa moja. Isomwe kwanza kwa sauti Mkwaja, Mkalamo, Madanga na katika kambi za mkonge, na watu wapewe siku ya kusahihisha. Usomaji wa Mwera nipangieni mimi. Mikeka na chai ni juu yangu, na wazee nitawaita mwenyewe.

Wassalaam,
Babu yenu, Mwera, Pangani