Malalamiko kuhusu uzio wa lavenda: miche mliyonipandia si aina niliyoilipia

Njiro, Arusha
14 Julai 2025

Meneja,
Kampuni ya Miche na Huduma za Bustani,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MICHE 60 YA LAVENDA ILIYOUZWA KWA JINA LA GROSSO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwishoni mwa Februari mwaka huu mafundi wenu walinipandia uzio wa lavenda wa mita 18, kutoka getini hadi barazani. Risiti ya EFD ninayo. Inataja miche 60 ya "Lavenda Grosso" kwa shilingi 6,000 kila mmoja, samadi na udongo shilingi 90,000, ufundi shilingi 150,000. Jumla shilingi 600,000. Lavenda ya kawaida mnaiuza shilingi 3,000, kwa hiyo nililipa mara mbili kwa ajili ya jina hilo, na kila kiriba kilikuwa na kibandiko chenye jina hilohilo. Leo, masika yakiwa yamepita na mimea imeanza kuonyesha sura yake, nasema bila kusita kwamba hakuna Grosso kwenye uzio wangu. Hakuna hata mmoja.

Anayesimama getini kwangu hahitaji utaalamu kuona kwamba kuna kasoro. Miche ya upande wa geti ina majani yenye meno meno pembeni. Hiyo ni Lavandula dentata, ambayo nimeiona kwenye bustani nyingi hapa mjini. Katikati kuna michache iliyotoa masuke mafupi na manene yenye vishungi vya zambarau kileleni, nayo ni Lavandula stoechas. Iliyobaki ina majani membamba yasiyo na meno, lakini mmoja umesimama wima, wa pili yake umelala chini, wa tatu umebaki kimo cha kiganja. Lavenda za kupamba vyungu zinaweza kuchanganywa mtu atakavyo. Uzio hauwezi. Lavenda hupogolewa mara baada ya kumaliza maua, na mkasi hauruhusiwi kufika kwenye mti mkavu wa chini kwa sababu sehemu hiyo haichipui tena. Sasa nina aina tatu kwenye mstari mmoja, kila moja na wakati wake wa kuchanua na kimo chake. Nikipogoa kwa kufuata moja, nazikata nyingine zikiwa na maua au naziua kabisa.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniambia kwa upole kwamba tofauti hizo ni za kawaida, kwa kuwa miche hiyo mliiotesha wenyewe kwa mbegu kitaluni. Alidhani ananituliza, lakini kauli hiyo ndiyo msingi wa malalamiko yangu yote, na naomba muisome sehemu hii kwa makini.

Grosso haina mbegu za kuotesha. Ni lavandini, yaani chotara wa lavenda mbili, Lavandula angustifolia na Lavandula latifolia, na chotara huyo ni tasa, kama baghala aliyezaliwa na punda na farasi. Ilipata jina kutokana na Pierre Grosso, mkulima wa Vaucluse kusini mwa Ufaransa, na ndiyo lavandini iliyoenea zaidi katika mashamba ya Provence. Mimea yote hiyo imetokana na vipandikizi: tawi changa linakatwa kwenye mmea mama, linapandwa kwenye mchanga mwepesi hadi litoe mizizi, kisha mche unakuwa nakala kamili ya mama yake. Ndiyo maana mistari ile ya mashambani huko inafanana kimo na rangi kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana mtu anayetaka uzio huitafuta. Ukiambiwa "hii ni Grosso, tumeiotesha kwa mbegu", umeambiwa maneno mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Ama mhudumu wenu amekosea kuhusu mbegu, ama kibandiko ni cha uongo. Na mchanganyiko uliopo getini kwangu unaonyesha lipi kati ya hayo mawili ndilo.

Lipo pia suala la nafasi. Fundi wenu alipanda kwa sentimita 30 kutoka mche hadi mche, ndiyo sababu mita 18 zilimeza miche 60. Sentimita 30 ni nafasi ya lavenda fupi. Grosso hukua kubwa na kutanuka, na kwa uzio huhitaji sentimita 45 angalau, hivyo miche 40 ingetosha. Kama mliamini kweli kwamba mnauza Grosso, mliniuzia miche 20 isiyohitajika.

Sasa upandaji. Udongo wa kwangu ni mzito, na fundi wenu aliuona alipokuja kupima. Lavenda asili yake ni vilima vikavu vyenye mawe karibu na bahari ya Mediterania, ardhi isiyo na rutuba nyingi na isiyotuamisha maji. Tiba ya udongo kama wangu ni kuinua tuta, kuchanganya changarawe na kuuacha bila mbolea. Mafundi wenu walichimba mashimo kwenye mfinyanzi, wakayajaza samadi, wakafunika shingo za miche kwa maranda, tena wiki chache kabla ya masika. Kila shimo likawa bakuli. Mvua zilipokolea majani yakaanza kunyong'onyea, nikatuma picha, na jibu lililorudi kutoka kwenu ni kwamba mimea ina kiu, nimwagilie asubuhi na jioni. Mimea ilikuwa imezama! Mizizi ikikosa hewa haiwezi kuvuta maji, na jani hunyauka hata kama udongo unatiririka maji. Miche iliyokufa niliing'oa: mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ngozi yake ikichunika kwa kuiminya vidoleni. Huo ni uozo wa mizizi, tatizo linalojulikana sana kwa lavenda iliyopandwa penye unyevu. Picha zote nimeziambatisha, pamoja na ujumbe wenu wa kumwagilia. Miche iliyokufa ni 23.

Sitaki mfikiri kwamba naidharau dentata. Ni mmea mzuri, unavumilia hali yetu, na kwenye uzio wangu ndio pekee uliostahimili vizuri. Mngeniambia tangu mwanzo kwamba hiyo ndiyo mliyonayo na ndiyo inayofaa hapa, huenda ningeinunua kwa shilingi 3,000 na leo nisingeandika barua. Niliitaka Grosso kwa sababu ina mashina marefu na harufu kali inayobaki hata ikikaushwa. Nashona vifuko vidogo vya kuweka katikati ya shuka na khanga, na nilimweleza hivyo muuzaji wenu siku ya kwanza. Majani ya dentata yananukia, lakini maua yake yaliyokaushwa hayana harufu ya kutosha kwa kazi hiyo. Muuzaji alijua nanunua nini na kwa nini.

Wiki iliyopita mlinipa ahadi ya kubadilisha miche iliyokufa kwa lavenda ya Kiingereza aina ya Hidcote. Nawashukuru kwa kujibu, ila siipokei. Hidcote ni angustifolia, na jamii hiyo huchanua vizuri baada ya miezi ya baridi kali ikifuatiwa na siku ndefu. Huko Provence siku ndefu kuliko zote hupita saa 15 za mwanga. Hapa Arusha tofauti kati ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima haifiki nusu saa, na baridi yetu ya Julai si majira ya baridi ya Ulaya. Isitoshe, kuziba mapengo kwa aina ya nne kungeuharibu uzio zaidi. Grosso nayo ina damu ya angustifolia, ndiyo maana nilimuuliza muuzaji wenu wazi kabla ya kulipa kama itachanua hapa, naye akanihakikishia kwamba mnayo kitaluni na inachanua. Basi ombi langu la kwanza ni jepesi: nionyesheni huo mmea mama wa Grosso unaochanua kwenye kitalu chenu. Ukiwepo, nitakubali miche 40 ya vipandikizi vyake, ipandwe kwenye tuta lililoinuliwa na kuchanganywa changarawe, samadi iondolewe, kwa gharama yenu, na mnirudishie shilingi 120,000 za miche 20 iliyozidi.

Usipokuwepo, nataka shilingi 600,000 zangu zote, na mje kuondoa miche na samadi yenu. Katika hali zote mbili naomba vibandiko vya Grosso viondolewe kwenye miche yoyote iliyooteshwa kwa mbegu. Nimepita kitaluni kwenu Jumamosi na bado vipo, na watu walikuwa wakinunua.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa anayomuuzia. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti, vibandiko na picha. Miche iliyobaki sitaigusa hadi mtakapotuma mtu kuikagua. Niko nyumbani kila siku baada ya saa kumi jioni.

Wenu,
Mteja wenu wa Njiro

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, vibandiko vitatu, picha za uzio na mizizi, nakala ya ujumbe wa simu.