Barua kwa Baba na Mama kabla ya safari ya Stockholm

Umeå, Uswidi
9 Machi 2025

Wazazi wangu wapenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Ama baada ya salamu, mtoto wenu ni mzima, nafunga na nafanya kazi, alhamdulillahi, na namwomba Mola barua hii iwakute nyote katika afya njema. Ramadhani ya mwaka huu imetuhurumia sisi wa kaskazini. Mchana wa Machi umekaribia kulingana na wa Unguja, na nafuturu kabla ya saa kumi na mbili. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu najua Baba hapendi mambo ya kupanga yazungumzwe kwenye simu inayokatikakatika. Zuhura, mdogo wangu, wasomee taratibu, na majina ya Kiswidi yatamke utakavyoweza.

Jambo lenyewe ni safari yenu. Ami Salim amenitumia ujumbe wa sauti na ameshapanga kila kitu: siku saba, Copenhagen, Oslo na Stockholm, kisha ndiyo mje kwangu Umeå. Namshukuru Ami kwa mapenzi yake, lakini naomba sana tusifanye hivyo. Miji hii si Wete, Chake na Mkoani, kwamba mtu anaipitia yote na jioni yuko kwake. Kutoka Stockholm mpaka Copenhagen ni kiasi cha saa tano za treni, na Oslo ni hivyo hivyo au zaidi. Mtarudi Nungwi mkikumbuka viti vya treni na kubeba mabegi tu, na goti la Baba litakuwa limevimba. Nataka tukae mji mmoja, Stockholm, siku chache zilizotulia, tutembee kwa nafasi, tukichoka tukae chini tunywe chai.

Na ninayo sababu kubwa kuliko goti. Stockholm kuna chombo ambacho lazima Baba, fundi wa majahazi, akione kwa macho yake.

Kinaitwa Vasa. Ni marikebu ya kivita iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi. Iliondoka gatini tarehe 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, na haikwenda hata maili moja. Ilifika kiasi cha mita 1,300, upepo ukaipiga ikainama, ikajiinua, ukaja upepo mwingine ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi. Ikazama mbele ya watu waliokuja kuiaga. Walikufa watu wapatao 30. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika miaka ya 1660, wapiga mbizi waliteremka gizani ndani ya kengele kubwa iliyofungia hewa, wakaiopoa zaidi ya mizinga 50. Chombo chenyewe kilibaki chini, kina cha mita 32, karibu pima 18, mpaka kilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961.

Sasa kimesimama kizima, omo mpaka tezi, ndani ya jumba lililojengwa kwa ajili yake. Asilimia 98 ya kilichomo ni mbao na nakshi zile zile za kale. Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa peke yangu. Nilisoma vibao vyote, nikapanda ghorofa moja baada ya nyingine kukitazama kutoka mkukuni hadi juu, na kila hatua nilikuwa nasema moyoni, Baba angekuwepo hapa angenionyesha kile ambacho kibao hakisemi.

Najua Baba atauliza kwanza habari ya farumi, ule uzito wa chini unaokituliza chombo. Ilikuwepo, kiasi cha tani 120 za mawe, lakini haikutosha. Na wasingeweza kuongeza, maana chombo kingezama zaidi na matundu ya mizinga ya chini yangelisogelea maji. Kosa lilikuwa juu: sitaha mbili za mizinga, mizinga 64, mbao nzito, na umbo la chini jembamba lisiloweza kubeba uzito huo. Fundi mkuu, Mholanzi aitwaye Henrik Hybertsson, alifariki 1627 kazi haijakwisha. Kabla ya safari walifanya jaribio, wanaume 30 wakakimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na chombo kikaanza kwenda mrama vibaya hata wakasimamishwa upesi wasije wakakipindua pale pale. Walijua, Baba. Lakini mfalme alikuwa vitani ng'ambo na alikuwa akikihimiza, basi kikaondoka. Baadaye lilikaa baraza la kuchunguza, na hakuna hata mtu mmoja aliyetiwa hatiani.

Niliposoma hayo nilikumbuka lile jahazi la tajiri aliyetaka lishuliwe kabla ya Idi, na Baba akasema halishuki mpaka mataruma mawili, zile mbavu za ndani, yabadilishwe. Tajiri alikasirika, akakaa na fedha zake, na sisi tukala muhogo mtupu siku nyingi. Nilikuwa mdogo na nilinung'unika. Siku ile Stockholm, mbele ya kile chombo kikubwa, nilijisikia fahari ambayo siwezi kuieleza kwenye simu, ndiyo maana naiandika hapa.

Kuna kingine nataka Baba akitazame. Ndani ya chombo zilikutwa rula nne za mafundi. Mbili zilikuwa za futi ya Uswidi, inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam, inchi 11. Mafundi wa nchi mbili walikuwa wanajenga chombo kimoja, kila mmoja na futi yake, na ubavu wa kushoto na wa kulia hazilingani unene. Baba hupima kwa shibiri na dhiraa ya mkono wake mwenyewe na chombo kinatoka sawa pande zote. Nataka asimame pale anieleze jicho linafanyaje kazi ambayo rula iliishindwa.

Na Mama atauliza, mbao zimekaaje majini miaka 333 zisiliwe? Ni maji yenyewe. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo mno, na yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao hawezi kuishi humo. Kwetu chombo kisipopakwa mafuta ya kukilinda, deheni na sifa, kwa wakati wake, kinageuka chujio. Huku Vasa ilikaa tu ikisubiri. Kilichowasumbua ni baada ya kuitoa, kwa sababu mbao zilizolowa kiasi kile zikikauka haraka zinapasuka. Waliinyunyizia dawa miaka 17 ili ichukue nafasi ya maji ndani ya mbao, ndipo wakaiacha ikauke taratibu. Ndani ya jumba hilo pana baridi na mwanga hafifu kwa ajili ya kuilinda, kwa hiyo Mama aje na shali yake nzito. Lifti zipo, goti la Baba halitapata taabu.

Basi siku nilizofikiria ni hizi. Mfike Jumatano tarehe 27 Agosti, kwa ndege ya kupitia Addis Ababa au Doha, maana ya moja kwa moja hakuna. Ami alisema Juni, eti ndiyo jua halizami. Ni kweli Stockholm mwezi Juni jua linazama baada ya saa nne usiku na linachomoza kiasi cha saa tisa na nusu, lakini huo ni mtihani kwa mtu mzima: Isha na Alfajiri zinagongana na usingizi haupatikani. Mwisho wa Agosti Magharibi inaingia kiasi cha saa mbili usiku, hewa ni ya baridi kidogo bila kuumiza, na watalii wengi wameshaondoka.

Nitawapokea uwanja wa Arlanda, ulio kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya mji. Siku hiyo hatutakwenda popote, mtapumzika.

Alhamisi yote ni ya Vasa. Tutapanda boti ya abiria kutoka Slussen hadi kisiwa cha Djurgården. Mji umekaa juu ya visiwa 14, pale ziwa Mälaren linapokutana na bahari, na kuukaribia kwa maji ndiyo njia nzuri kuliko zote. Tiketi ya boti hiyo ni ile ile ya basi na treni za mjini, haina malipo mengine. Tusipange kitu chochote baada ya hapo. Kama Baba atataka kukaa mpaka wafunge, tutakaa.

Ijumaa asubuhi tutatembea Gamla Stan, mji wao mkongwe. Mtaona vichochoro, na kimoja, Mårten Trotzigs gränd, upana wake ni sentimita 90 tu pale palipobana. Katikati kuna uwanja wa Stortorget, ambako mwaka 1520 mfalme wa Denmark aliwaua watu zaidi ya 80, na leo watu wanakaa hapo wanakunywa kahawa. Kwenye uwanja huo huo liko jengo ambalo tarehe 7 Oktoba 2021 lilitangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kuwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi. Medali yake alikabidhiwa London kwa sababu ya korona, lakini jina lilisomwa hapa. Chini ya jengo ni makumbusho ya Nobeli. Mimi nikiingia humo nasimama wima kabisa, na nataka Zuhura awaambie wanafunzi wake kwamba wazazi wake wamefika.

Sala ya Ijumaa tutaswali msikiti wa Stockholm, karibu na Medborgarplatsen. Zamani lilikuwa jengo la kufulia umeme, la mwaka 1903, likafunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000. Mitaa ile ina vyakula vya halali vingi, tutakula huko.

Jumamosi ni siku ya Mama. Tutakwenda Skansen, makumbusho ya nje ambayo Artur Hazelius aliyafungua mwaka 1891. Alichukua nyumba za zamani kutoka kila upande wa Uswidi akazisimamisha upya kilimani, na ndani yake wanakaa watu waliovaa mavazi ya enzi hizo wakifanya kazi za enzi hizo, kuoka mikate, kusuka vitambaa. Mama, wewe unayesuka mikeka na kupaka rangi ukili mwenyewe, utazungumza na wale wanawake kwa vidole hata bila lugha. Wanyama wa huku pia wapo: dubu, mbwa mwitu, na mnyama mkubwa wa porini mwenye pembe pana wanayemwita älg.

Kuhusu chakula, msiwe na wasiwasi. Nguruwe amejaa kwenye vyakula vyao, hata vile vitonge vya nyama vinavyosifika duniani mara nyingi vina mchanganyiko, kwa hiyo tutakula samaki. Yupo anaitwa strömming, mkubwa kidogo kuliko dagaa wetu, wanamkaanga na kumla na viazi vilivyopondwa. Mama atasema amekosa ndimu na pilipili, naye atakuwa na haki, basi alete pilipili yake. Mlo mkubwa tutakula mchana, kwa sababu siku za kazi mikahawa huuza chakula cha bei nafuu wanachokiita dagens, na usiku bei hupanda. Maji ya bomba yanakunywika. Fedha taslimu msibadilishe, maduka mengi hayapokei noti kabisa, nitalipa kwa kadi yangu.

Treni za chini ya ardhi ni za kuangaliwa zenyewe. Pale T-Centralen, kituo chao kikuu, kuta za mwamba zimepakwa rangi ya buluu na nyeupe, na kwenye dari moja wamechora vivuli vya mafundi walioujenga ule mtandao, wakiwa na zana zao mikononi. Tukipita hapo tusiharakishe.

Jumapili tutapanda treni kuja kwangu. Matunda ya porini yatakuwa yameiva, na sheria ya huku inamruhusu yeyote kuyachuma msituni.

Sasa ya karatasi. Nitawapelekea barua ya mwaliko na cheti changu cha ukaazi, ambacho huku hutolewa na Skatteverket, mamlaka ya kodi. Ada ya viza ni yuro 90 kwa kila mmoja, nitalipa mimi. Bima ya safari lazima iwe ya yuro 30,000 au zaidi, nayo nitaikata mimi. Zuhura, itazame pasi ya Mama aliyoendea Umra: iwe haijafika miaka kumi tangu itolewe, na iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka huku. Alama za vidole watakwenda kutoa wenyewe, tarehe ya miadi nitawaambia. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo muda umeshafunguka, na sitaki tusubiri mpaka Julai.

Nijibuni kabla ya Idi kama tarehe 27 Agosti inawafaa, ili niombe likizo kazini na kukata tiketi bado bei iko chini. Ami Salim mpeni salamu zangu, mwambieni Copenhagen nitampeleka yeye mwenyewe siku akija. Salamu kwa Bibi, kwa mafundi wote wa pwani, na kwa watoto wa Zuhura mmoja mmoja.

Wenu mtoto anayewapenda,
Mwanaisha