Wanangu wa Dubai, semeni mshahara wenu nyumbani

Kwa vijana wetu mnaofanya kazi Dubai, na kwa nyinyi mnaosubiri viza:

Salaam aleikum wanangu, na mlio wa kanisani, Bwana asifiwe.

Anayewaandikia ni shangazi yenu wa Mombasa. Nilifanya kazi ya vyumba katika hoteli za Jumeirah, Dubai, tangu kabla treni ya metro haijafunguliwa mwaka 2009 mpaka magoti yalipokataa. Wengi wenu hatujuani kwa sura, lakini mama zenu nakutana nao Marikiti, harusini na matangani, na hakuna asiyenitolea simu. "Dada, hebu mtazame mwanangu." Namtazama. Kavaa miwani ya jua, kaitanua mikono, nyuma yake bahari na lile gurudumu kubwa la Ain Dubai. Mama anatabasamu, kisha anashusha sauti: "Ila kutuma kwake sasa, mpaka agombezwe. Sijui pesa zote zile anapeleka wapi."

Pesa zote zile! Hapo ndipo palipoharibika. Nyinyi mlinyamaza, picha ikasema kwa niaba yenu, na nyumbani wakapiga hesabu zao. Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Mwambie mzazi wako, au mkeo, au mumeo, unalipwa kiasi gani kwa mwezi. Mwambie kwa tarakimu, ukimsomea karatasi ya mshahara. Si "mambo si mabaya", si "Mungu anasaidia". Tarakimu.

Najua mtakavyonijibu: tutachekwa. Mlikopa, au baba aliuza kiwanja, mkasindikizwa na mtaa mzima mpaka uwanja wa ndege, mtasemaje sasa kwamba mnakunja shuka? Waswahili hawakukosea waliposema mficha uchi hazai. Na kukunja shuka ni kazi. Anayedhani ni rahisi aingie chumba cha familia ya watu watano waliotoka pwani mchana kutwa, mchanga uko mpaka ndani ya mtaro wa bafu, mgeni kaacha kibao cha kutosumbuliwa mlangoni hadi saa tisa alasiri, na wewe bado una vyumba sita kwenye orodha na msimamizi anapitisha kidole juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi. Kazi hiyo imejenga nyumba nyingi Kisauni na Likoni. Hakuna cha kuficha hapo.

Tupige hesabu pamoja, maana wengi wenu hata karatasi hamjaisoma vizuri. Chukua mtu wa dirhamu 1,400 kwa mwezi, malazi na basi la kazini juu ya kampuni. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.67 na kidogo, kwa hiyo 1,400 ni kama dola 380. Kwa kiwango cha 2025 hiyo ni karibu shilingi 49,000 za Kenya. Mama akisikia 49,000 anamfikiria mwalimu wa shule. Hafikirii kwamba chakula cha siku za mapumziko ni juu yako, bando ni juu yako, sabuni, dawa ya mgongo na nauli ya metro ukitoka kidogo uone watu. Na kwa miezi ya mwanzo kuna deni la wakala, ambalo halisubiri.

Sasa ifungue ile 1,400. Mara nyingi utakuta mshahara wa msingi ni 800 na zilizobaki ni posho. Unaona pesa ni zile zile, unatia sahihi. Lakini kiinua mgongo hupigwa kwa msingi peke yake. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza Februari 2022 inakupa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Kwa msingi wa 800, siku 21 ni dirhamu 560. Ungekuwa msingi wako 1,400, ungepata 980. Ukiondoka kabla ya kutimiza mwaka, huna kitu. Vivyo hivyo ile bima ya kupoteza kazi, mnayolipia dirhamu 5 kwa mwezi mkilalamika kwamba ni wizi: ukiachishwa bila kosa lako, na umeichangia miezi 12, hukupa asilimia 60 ya msingi kwa muda usiozidi miezi 3. Msingi tena. Kwa hiyo kabla hujauliza "nalipwa ngapi", uliza "msingi ngapi".

Kisha ule mgao wa sevisi chaji, ile ada ya huduma anayotozwa mgeni na wafanyakazi mkagawiwa. Wenye kuupata hujisahau. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili wazungu wanakimbia baridi, hoteli zimejaa, mgao unapanda na bakshishi juu yake. Ukifika Julai, joto linapita nyuzi 40, pwani ni tupu, mgao unanywea, na baadhi ya hoteli zinawasukuma watu likizo. Aliyemwahidi mama yake kiwango cha Januari atamdanganya Julai hata kama hataki. Mwambieni mapema kuna msimu na kuna kiangazi. Watu wa Diani na Malindi wanalielewa hilo kuliko mnavyodhani.

Na wewe uliyevaa sare ya hoteli lakini viza yako ni ya kampuni ya kukodisha wafanyakazi, uelewe kwamba wewe si mtu wa hoteli. Mwajiri wako ni yule aliyeandikwa kwenye kibali cha kazi. Mwenzako mnayesukuma naye kitoroli anaweza kuwa na mgao, chakula na chumba cha watu wawili, nawe huna. Usimtumie mama picha ya chumba cha mwenzako.

Niseme la madeni, maana linazaliwa na kimya kile kile. Nyumbani wanaomba, nawe huwezi kusema huna, basi unakopa. Unachukua simu kwa awamu, kadi ya benki, mkopo wa mtu wa kambini mwenye riba yake. Dubai si mahali pa kukimbia deni. Mkopeshaji anaweza kwenda mahakamani akaomba uzuiwe kusafiri, na utalijua hilo uwanja wa ndege, sanduku limeshapimwa. Nimewaona watu wakizikosa maiti za wazazi wao kwa sababu ya deni lililoanza na mchango wa harusi ya binamu.

Michango nayo, hili wengi hamlijui. Sisi mtu akifa tunafungua kundi la WhatsApp, tunateua mweka hazina, mambo yanakwenda. Kule sheria ya 2021 inamkataza mtu binafsi kuchangisha. Kazi hiyo ni ya taasisi zenye kibali, na adhabu yake si ya mchezo. Akifariki mwenzenu, anzeni kwa mwajiri wake, kwa sababu sheria ya kazi inamtwika gharama ya kusafirisha maiti familia ikiomba. Kisha nendeni ubalozi mdogo, uko Dubai penyewe, kabla hamjaandika "tuma kwa namba hii" hadharani.

Mnaosubiri viza, sikilizeni. Viza ya matembezi si viza ya kazi, hata kama wakala anaapa kwa kitabu. Atakuambia utaibadilisha ukifika. Wapo waliobadilisha, kweli, na hao ndio anaokuonyesha. Waliokwama humjui hata mmoja, kwa sababu hawapigi picha. Muda ukiisha faini ni dirhamu 50 kwa kila siku, na tangu 2024 mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali anatozwa kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Kwa faini hiyo, unadhani atakayekuajiri ni nani, ila yule asiyeogopa chochote? Na gharama za kuajiriwa kwa sheria ni za mwajiri. Wakala anayekutaka uuze ng'ombe anakuuzia kitu ambacho mwenyewe hana.

Pasipoti ni yako. Mwajiri hana ruhusa ya kuishika, iwe kwa "usalama" au kwa "utaratibu wa ofisi". Ukishindwa kuipata, ukicheleweshewa mshahara, au ukifanyishwa saa za ziada bila malipo (saa ni 8 kwa siku, za ziada zina nyongeza ya asilimia 25, na za kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri asilimia 50, isipokuwa kwa wa zamu), lalamika kwa wizara ya kazi ya huko kupitia programu yao ya simu. Tangu Januari 2024 wizara yenyewe inaweza kukata shauri la hadi dirhamu 50,000 bila kwenda mahakamani. Msitoroke kazini. Akitoroka mtu, mwajiri anaripoti, na mwenye haki anageuka mkosaji. Hata katika majaribio ya miezi 6 unaweza kuondoka kwa heshima: ilani ya siku 14 ukirudi nyumbani, mwezi mmoja ukihamia kwa mwajiri mwingine huko huko.

Mengine nayapitia mbio. Msiwapige wageni picha, wala msiwarekodi hata wakifanya vituko. Kwa kosa hilo watu wamefukuzwa na kushtakiwa. Matusi ya WhatsApp ni kesi, hata ukimtukania Mswahili mwenzako kwa Kiswahili. Na kwenye lifti chungeni ndimi zenu: wapo Waarabu wenye asili ya Unguja na Omani wanaokisikia Kiswahili kuliko nyinyi wa shule za Kiingereza. Nilishuhudia msichana mmoja akimsifia mgeni kwa ukubwa wa tumbo lake, mgeni akamjibu, "Alhamdulillahi, ni pilau ya nyanya yangu." Hakushtakiwa, alipewa bakshishi, lakini msitegemee.

Makazi: mnaolipia bedispesi, yaani kitanda tu ndani ya chumba cha wengi, mitaa ya Deira na Satwa kwa sababu kambi ya kampuni ni mbali, angalieni kama jina lenu limeandikishwa kwa mpangaji halali. Manispaa imekuwa ikivunja vyumba vya mbao vilivyogawanywa bila kibali, na anayelala nje siku hiyo ni nyinyi, si aliyekusanya kodi.

Turudi kwenye tarakimu. Kumwambia mzazi kunataka mpango. Usimwambie siku aliyokuomba pesa. Ataona ni kisingizio. Mpigie siku ya mapumziko, kwa Botim, ile programu ya kupigia simu, kwa kuwa WhatsApp haipigi kule, ukiwa umeshatuma cha mwezi huo. Anza na jumla. Taja unachokula, unacholipa, unachoweka. Halafu taja kiasi utakachotuma kila mwezi, kidogo kuliko unachoweza, ili usiwahi kukikosa. Anayetuma shilingi 10,000 kila mwezi bila kukatiza ni heri kwa nyumba kuliko anayetuma 30,000 kisha akazima simu miezi mitatu. Anayekaa na mzazi asikie pia, ndugu mkubwa au dada, kwa sababu maombi mengi hayatoki kwa mama; yanapitia kwake tu. Mambo ya ada, dawa na kifo mwachie nafasi. Ya sherehe, mwambie "mama, sina", ukae kimya, usieleze.

Fedha unazoweka usiziweke kwa mtu. Hata kwa kaka. Ukitaka kujenga, pata kwanza hati ya kiwanja, jiwe baadaye. Nimeona nyumba Mtwapa zilizojengwa kwa simu miaka kadhaa, mwenyewe akirudi anaonyeshwa msingi na nyasi.

Na nyinyi wazazi mtakaosomewa barua hii: mtoto akikwambia ukweli, usiupeleke harusini. Akikwambia 1,400, iishie hapo hapo nyumbani. Usimlinganishe na wa jirani aliyejenga ghorofa. Wa jirani hukuiona karatasi yake.

Likizo zinaanza mwezi ujao, na najua wako kati yenu mtakaokuja mkiwa na zawadi kwenye sanduku na kifua kimejaa maneno yasiyotoka. Anayeshindwa kuanza mazungumzo aje kwangu asubuhi yoyote baada ya chai, na karatasi za mshahara za miezi mitatu. Tutazisoma kwanza sisi wawili, kisha nitavaa buibui langu twende sote kwa mama yako.

Shangazi yenu,
Mombasa