Wachungaji walitoa sampuli, majibu yao yako wapi?

Mhariri,

Kuna ujumbe unazunguka kwa magrupu ya WhatsApp hapa Eastleigh, eti maziwa ya ngamia yana korona mpya na serikali inaficha. Sijui nani aliuanzisha lakini naona vile umeharibu biashara za watu. Mama tunayenunua kwake hukaa kwa ngazi ya duka na mitungi yake ya manjano, ameifunika gunia lililoloweshwa maji ndio maziwa yasichache, yametoka Isiolo na basi usiku, na siku hizi saa nne inafika mtungi wa pili bado haujafunguliwa. Ukimuuliza anakuambia tu, "Kijana wangu, wanasema nauza ugonjwa."

Mimi si daktari, lakini husoma, na shida ya huu ujumbe ni kwamba ndani yake kuna ukweli kidogo, ndio maana umeshika. Virusi viko kweli. Vinaitwa MERS, ni ndugu wa hivi vya Kovidi, vilijulikana mwaka wa 2012 kule Saudi Arabia, na tangu hapo wagonjwa walioripotiwa duniani wamepita 2,600, na zaidi ya mmoja kati ya watatu alikufa. Wengi wao ni wa Saudia. Mwaka wa 2015 msafiri mmoja alivipeleka Korea Kusini vikaingia hospitalini, watu 186 wakaugua na 38 wakafa. Hiyo si mafua ya kuchezea.

Lakini sasa sikiza upande ambao hakuna mtu anafowadi. Watafiti walipima damu ya ngamia 774 wa Kenya, damu iliyochukuliwa kati ya 1992 na 2013, wakapata karibu 3 kati ya kila 10 wana kingamwili za MERS, yaani alama kwa damu kwamba mnyama aliwahi kuambukizwa. Kumbe hivi virusi vilikuwa kwa ngamia wetu miaka 20 kabla vipewe jina, na muda huo wote watu walikuwa wanakamua, wanakunywa, wanachinja, wanalala karibu na boma. Halafu watafiti wengine wakaenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakafuatilia wachungaji 262 kuanzia Aprili 2018 hadi Machi 2020, wakawa wanawapima, na waliopatikana na virusi vyenyewe ni 3 peke yake na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaumwa.

Mbona Saudia iue na Marsabit mtu asijue hata kama anavyo? Jibu lote halijapatikana, lakini kuna mambo yanajulikana. Ngamia hushikwa kwa pua tu, anatoa makamasi siku chache anapona, hasa wale wadogo. Kwa binadamu mahali virusi vinapojishikiza pako chini kabisa kwa mapafu, ndio maana vikifika huko mtu anakosa pumzi. Tena maabara zimeonyesha virusi vya ngamia wa Afrika havizaani vizuri kwa chembe za mapafu ya binadamu kama vile vya Uarabuni. Na waliokufa sana kule ni wazee na wagonjwa wa sukari na figo, wengi waliambukizwa wodini, si zizini.

Kuhusu maziwa, hakuna mgonjwa ambaye imethibitishwa alipata MERS kwa kunywa. Ila virusi vinaweza kukaa hai siku kadhaa kwa maziwa mabichi, na ukiyapasha moto vizuri vinakufa. Kwa hivyo chemsha, basi. Najua wazee wa huku watanikasirikia, ile ladha ya moshi wa mtungi uliofukizwa wanasema inapotea ukichemsha (na kusema ukweli inapungua), lakini hata bila MERS kuna brusela, ugonjwa mwingine wa maziwa mabichi, na hiyo tunaijua, imelaza watu wengi mgongo na magoti na homa isiyoisha.

Kinachoniuma ni hiki. Hizi habari zote ziko kwa majarida ya Kiingereza, tena kile kigumu. Mchungaji aliyeingizwa pamba puani miaka miwili Marsabit, mama aliyeuza hayo maziwa, sisi tuliokunywa, tunapata habari kutoka kwa mtu asiyejulikana aliyerekodi sauti kwa simu. Watafiti wetu si wavivu, kazi yao ni nzuri, kwa mfano wale wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi na wenzao walipima damu ya wachangiaji mwaka wa 2020 wakaonyesha Kovidi ilikuwa imegusa karibu 4 kati ya 100 wakati idadi iliyotangazwa nchi nzima ilikuwa watu elfu mbili hivi. Hiyo ilikuwa habari ya kila mtu na bado wengi wa mtaa huu hawajawahi kuisikia. Ukichukua damu ya mtu si umrudishie jibu? Na kwa lugha yake, Kirendille, Kiborana, Kisomali, redio ziko.

Kwa hivyo ombi langu, Mhariri, ni mtupe nafasi kwa gazeti, hata robo ukurasa, mtume mwandishi aende KEMRI pale barabara ya Mbagathi au kwa wale wa mifugo wa ILRI kule Kabete, awaulize maswali ya watu wa kawaida. Nimempa huyu mama nafasi ya kwanza na swali lake ni hili: dada yake huko Isiolo hukamua asubuhi huku ndama anampigia chafya usoni, je, afunge kitambaa, anawe tu mikono, ama asubiri ndama apone ndio akamue?

Msomaji wenu,
Eastleigh, Nairobi