Viza si kibali cha kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalowaponza wengi wanaotafuta ajira ugenini, nalo ni kuchanganya viza na kibali cha kazi. Viza humwezesha mtu kufika mpakani na kuomba kuingia, ilhali kibali ndicho kinachomruhusu kuajiriwa, na mara nyingi humtaja mwajiri mmoja tu, hivyo anayemwacha huyo kabla ya kupata kibali kingine huweza kupoteza hata haki ya kukaa nchini. Wakala anayemtafutia mtu kazi naye si mwajiri. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya nchi husika; inaniuma kuona watu wakikopa ili kulipia kinachoitwa “usajili”.

Wako,
Msomaji