Mwanangu, Unamkumbuka Fraga?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana, na mdogo wako ameshahamia kitandani kwako bila kumwomba mtu ruhusa. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu tunashindwa. Kila nikiuliza habari za Songea unaniambia "salama baba", kisha mtandao unakatika, na mimi ninajua si mtandao.

Nilikuona usiku ule timu yako ya Dar ilipokutumia ujumbe kwamba umeachwa. Mistari miwili tu, baada ya miaka mitatu ya kuvaa jezi yao ya vijana. Ukavisukuma viatu uvunguni na udongo wake, wewe ambaye hukuwahi kulala bila kuvipiga brashi. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Lakini lililonikaa rohoni zaidi ni neno ulilosema siku ya safari, kwamba kucheza Championship, ligi ya daraja la pili, mkoani ni kwenda kuzikwa. Neno hilo ndilo ninalolijibu.

Unamkumbuka Fraga? Gerson Fraga, Mbrazil wa Simba. Walisajiliwa Wabrazil watatu mwaka 2019, nami kijiweni nikawaambia watu msimu huu tutacheza samba. Kumbe huyu hana kanzu, ule mpira wa kumvusha mtu juu ya kichwa, hana chenga za kuinua jukwaa. Kazi yake kukaba, kupokonya mpira, kumpa Chama, mchezeshaji wetu, na kurudi mahali pake. Nikakuambia huyu amekuja kutalii. Nilimhukumu kabla sijamjua, na ninajuta.

Baadaye ndipo nikajua alikotoka. Alizaliwa mwaka 1992, akalelewa kimpira Grêmio, Porto Alegre. Mwaka 2009 Brazil ya vijana chini ya miaka 17 ilikwenda Kombe la Dunia Nigeria, na kikosini walikuwemo Alisson, Casemiro, Coutinho na Neymar. Nahodha wao alikuwa Fraga! Waliifunga Japan 3-2, wakafungwa 1-0 na Mexico, wakafungwa 1-0 na Uswisi, safari ikaishia kwenye makundi. Wale wanne dunia nzima inawajua. Nahodha wao alikwenda India kuichezea Mumbai City, akawa timu moja na Diego Forlán, na mwaka 2016 wakamaliza hatua ya ligi wakiwa kileleni. Akaenda Japan, timu ya Renofa Yamaguchi. Akarudi India, ATK ya Kolkata. Kisha akaja kwetu Simba, Msimbazi.

Wewe ungesema alizikwa mara nne.

Mpira wa Brazil wengi tunauona juu juu. Kule kila jimbo lina ligi yake inayochezwa miezi ya mwanzo wa mwaka, na timu nyingi ndogo zikishamaliza ligi hiyo hazina tena mechi za maana hadi mwaka unaofuata. Mchezaji anasaini mkataba wa miezi mitatu au minne, ukiisha anafunga begi. Ndiyo maana kwenye ripoti za uhamisho za FIFA, miaka nenda rudi, Wabrazil ndio wanaoongoza kwa kuhama nchi moja kwenda nyingine. Kwao kubadilisha timu si fedheha. Ni kama fundi ujenzi, nyumba ikiisha anabeba mwiko wake anatafuta nyingine, na hakuna anayemuuliza kwa nini hajengi palepale.

Sasa rudi nami tarehe 12 Julai 2020. Nusu fainali ya Kombe la FA, sisi na Yanga, Uwanja wa Taifa, kabla haujapewa jina la Mzee Mkapa mwezi uleule. Bao la kwanza akafunga Fraga. Jukwaa zima likasimama, wewe umeshika chungwa lililomenywa nusu, maji yanakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na badala ya kushangilia ukanigeukia: "Baba, huyu si ndiye mtalii wako?" Tulishinda 4-1. Tukabeba kombe lile na ubingwa wa ligi. Wenzake wawili hawakudumu, yeye tukawa naye hata msimu uliofuata ulipoanza. Halafu goti likamuumiza, akarudi kwao.

Goti hilo ninalifikiria kuliko bao. Kwa hiyo nakuomba, na hapa nasema kama mzazi, si kama mshabiki: mkataba wako usome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Uliza ukiumia nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea kwa muda gani. Usione haya kuuliza. Wakikujibu kwa mdomo, waombe waandike. Nitumie picha ya kila ukurasa kabla hujasaini. Na kama kocha atakutoa kwenye winga akuweke namba sita, kiungo wa kukaba, mkubalie. Fraga naye wengi tuliambiwa ni beki wa kati, kwetu tukamwona kiungo mkabaji.

Siwezi kukuahidi kwamba utarudi Dar na jezi kubwa, sina uwezo huo. Ninachokuambia ni kwamba siku utakayocheza pale Songea, mimi nitakuwa jukwaani, na sitaona kaburi, nitamwona mwanangu kazini.

Mzigo unakuja na basi la kesho asubuhi, muulize kondakta jioni pale stendi. Mama ameweka achari na kanga ya kujifunika, anasema huko kuna baridi. Mimi nimeweka viatu ulivyoviacha uvunguni. Udongo nimeutoa wote, na kamba ya kushoto ilikuwa imekatika, nimetia mpya.

Baba yako