Salamu za Idi kwa jamaa na marafiki, Shawwal 1445 (Aprili 2024)

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mwezi umeandama. Jamaa zangu wa Tanga, Pangani na Unguja, na marafiki mlioko mbali, nawapa mkono wa Idi. Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, na waliotangulia awalaze mahali pema peponi.

Mwaka haukuwa mwepesi. Sukari iliadimika tangu Januari, baada ya mvua za El Nino kujaa kwenye mashamba ya miwa na viwanda kushindwa kuzalisha. Bei elekezi ilitangazwa, lakini dukani tuliuziwa kilo shilingi 4,000, na siku nyingine hata kwa bei hiyo haipo. Tukaingia mwezi mtukufu hivyo hivyo, uji haukolei, kaimati za kuhesabu, na tuliozoea kuita watu kufuturu tukaona haya kuwaita. Nasi nyumbani tulikuwa na letu: kaka alifariki Rajab, na hii ndiyo Ramadhani ya kwanza bila yeye.

Jioni moja ya kumi la kati, siku isiyo na jambo lolote, rafiki wawili wa kaka walipita na mihogo na ndizi mzuzu, wakasema wamekuja kufuturu kwa mama. Mama hafungi tena. Umri na kisukari vimemzuia, tunamtolea fidia, na hilo linamuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini nazi hakubali ikunwe na mwingine. Alikaa kwenye mbuzi akakuna na kupumzika, akakuna na kupumzika, hata adhana ikatukuta tui bado. Tukafungua kwa tende na maji. Baadaye, mkekani, akamnyooshea bakuli mmoja wa wale wageni na kumwita kwa jina la kaka. Sote tukanyamaza. Yule bwana akaitika, "Labeka mama," akamtilia mchuzi, akaendelea kula. Jioni ile naishukuru kuliko mengi makubwa niliyomwomba Mungu akanipa.

Ndugu zangu, tusingoje bei zishuke ndipo tuseme Alhamdulillahi. Mwenye mzazi hai asitosheke kumtumia pesa kwa simu. Aende akakae naye. Akirudia hadithi ile ile, msikilize. Akikosea jina, itika. Tumekatazwa hata kuwaguna, sembuse kuwasahihisha mbele ya watu! Na uliyekwisha kuwazika wako, mtaani kwako wamo wazee ambao hakuna anayewabishia hodi. Zakatul fitri itoke kabla ya swala, na tuwaombee wenzetu wa Rufiji na Kibiti, ambao mafuriko yamewaondoa majumbani.

Kesho baada ya swala pilau ipo kwetu Ngamiani. Njooni na watoto. Mama tangu juzi anauliza nani watakuja.

Minal aidina wal faizina. Kullu aam wa antum bikhayr.